Mzee Kristofa na Upande wa Kulia

Aliyezoea kutoka Tanga mjini asubuhi kuelekea Muheza alimjua Mzee Kristofa, hata kama jina lake hakulijua. Alikuwa yule mzee mwembamba mwenye kofia ya pama na baiskeli nyeusi, madumu mawili ya maziwa yamefungwa huku na huku kwenye keria, anakuja upande usio wake. Wewe umeshika kushoto kwako kama sheria inavyotaka, mara unamwona huyo mbele, ukingoni mwa lami, uso kwa uso na wewe, anapiga pedeli taratibu kama mtu anayekatiza uani kwake. Madereva walimpigia honi, wengine wakatoa vichwa dirishani wakamtukana. Yeye hakujibu, maana hakusikia.

Masikio yake aliyaacha kwenye mkonge. Baba yake aliletwa kutoka Buha zama za manamba, wale vibarua wa mkataba, akazeeka na kufia kambini, na Kristofa naye alipopata nguvu za kushika kazi akaingia korona, ile mashine kubwa inayosaga majani ya mkonge ikatoa singa. Miaka ishirini na mitatu alisimama pale akilisha majani kwenye mkanda. Wafanyakazi walichana vipande vya kanga kuukuu wakavisokomeza masikioni, na hiyo ndiyo iliyokuwa kinga yao. Sikio lake la kulia lilianza kwa kuvuma, kisha likanyamaza moja kwa moja. La kushoto lilibakiza uwazi mdogo tu: ukimsogelea ukamwambia neno polepole, analipata. Yaliyosalia aliyasoma midomoni mwa watu.

Alipotoka korona hakutaka kukaa. Mkewe alikuwa amekwisha kufariki, na yeye alibaki Pongwe na binti yake Lea, fundi cherehani, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kanisa. Akaanza kazi ya maziwa. Alfajiri alizunguka kwa wafugaji, akajaza madumu yake mawili, na jua likichomoza alikuwa njiani kuelekea mjini kuyapeleka nyumba kwa nyumba. Watu walimpenda kwa sababu hakutia maji.

Mwanzoni alikuwa akishika kushoto kama waendesha baiskeli wengine. Siku moja, miaka kumi na mitatu iliyopita, lori lilimjia kwa nyuma. Lilipiga honi, walivyosema walioona, tena na tena, na mzee wa watu yuko palepale anajiendea. Lilimkosa kwa kiganja. Upepo wake ndio uliomsukuma mtaroni, maziwa yakamwagika, bega likateguka. Kilichomtisha ni kwamba kitu kikubwa kama kile, chenye magurudumu kumi, kilimfikia mgongoni na yeye hana habari. Tangu siku ile akahamia kulia.

"Kama ni kufa," alimwambia Lea, "nife nakiona kinachoniua."

Lea alimgombeza mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu. Alimsogelea sikio la kushoto na kumwambia kwamba barabara ina wenyewe, kwamba wanaokuja mbele nao hawategemei kumkuta pale. Kristofa alimsikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa, na asubuhi akapita kulekule. Baadaye Lea alichoka.

Katika watu aliokutana nao kila siku alikuwapo mwanamke mmoja, Mwanasiti, Mdigo wa makamo aliyekaa Kange na kufanya kazi ya upishi katika shule ya watoto wadogo kule Pongwe. Naye alipanda baiskeli. Alitoka kwake wakati mmoja na Kristofa anaelekea mjini, yeye akishika kushoto kwake, kwa hiyo walikutana ukingo uleule, kila asubuhi, mahali fulani baada ya machimbo ya kokoto. Kristofa alibaki ndani, karibu na majani. Mwanasiti ndiye aliyeingia kidogo kwenye lami, akampisha, akarudi. Na kila alipompita alifungua mdomo akasema neno. Kristofa hakupata kulisoma lile neno, kwa jinsi baiskeli zilivyopishana haraka, lakini alijua tu kwamba mama huyu ana adabu na anamwamkia. Akainua mkono na kuitika kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia:

"Marahaba, mwanangu! Marahaba!"

Hivyo kwa miaka sita.

Ilikuwa Jumanne, mwezi wa pili. Jua lilikuwa limechomoza usawa wa macho, na Kristofa alikuwa ameshusha kofia kulikinga. Mafundi wa bomba la maji walikuwa wamechimba karibu na kalavati wakaacha rundo la kifusi, likala ukingo wote mpaka kwenye lami. Kristofa aliliona tangu mbali. Alimwona na Mwanasiti, mtandio wake wa kijani, anakuja. Nyuma ya Mwanasiti aliiona pikapu nyeupe. Na alijua, bila kugeuka, kwamba upande wa pili kuna basi linatoka Muheza, kwa kuwa pua yake ilikuwa imeanza kumpita pembeni mwa jicho.

Aliyaona yote. Angeweza kushuka nyuma ya kifusi, akasubiri mama wa watu apite, akaendelea. Lakini lita arobaini si mchezo. Ukisimamisha baiskeli yenye mzigo ule, kuiondoa tena ni kazi kwa magoti ya mzee. Na siku zote Mwanasiti humpisha. Kwa hiyo hakusimama. Alikizunguka kifusi kwa kuingia kwenye lami, na Mwanasiti, aliyekuwa amefika palepale, akalazimika kuingia katikati zaidi.

Kristofa alimwona dereva wa pikapu akibonyeza katikati ya usukani kwa kiganja. Aliona pua ya gari ikiinama kwa breki. Gari halikuwa na mbio. Mtu aliyeyatazama magari machoni kwa miaka kumi na mitatu anajua gari lenye mbio linavyokuja. Dereva alijaribu kukata kulia, akalikuta basi, akarudi. Ubavu wa pikapu ukagusa gurudumu la nyuma la baiskeli ya Mwanasiti, naye akanyanyuka kama nguo iliyopeperushwa kutoka kambani, akaangukia kifusi.

Kristofa alikwenda hatua kumi mbele ndipo akashuka. Alitazama madumu yake. Hata tone halikumwagika.

Watu walijaa kwa dakika chache: vijana wa bodaboda, wachimba kokoto, abiria wa basi. Mwanasiti alikuwa hai, macho wazi, paja la kushoto limepinda mahali paja halipindi. Dereva wa pikapu alishuka akiwa ameshika kichwa kwa mikono miwili, na hapo Kristofa alimtambua. Alikuwa Alnoor, mtoto wa Mama Batool, wa duka la vifaa vya ujenzi pale mjini. Nyumba yao ilikuwa miongoni mwa zile anazopeleka maziwa, lita mbili kila siku, mwaka wa tisa sasa. Kijana alikuwa akisema na kila mtu, akionyesha kwa mkono upande wa kifusi, na watu walikuwa wakimkatiza. Kristofa aliwasoma midomo.

"Mlikuwa mnakimbilia wapi?"

"Hawa wakishika usukani wanadhani barabara nayo ni duka lao!"

"Baiskeli gani? Usituzulie baiskeli!"

Kristofa alikuwa amesimama palepale, baiskeli mkononi, hatua kumi tu kutoka kwao. Hakuna aliyemtazama. Nani atamtazama mzee wa maziwa mahali anapopita kila siku?

Trafiki alifika, akapima kwa hatua, akaandika. Halafu akamjia Kristofa, akasimama mbele yake mahali ambapo jua lilimwangaza vizuri mdomoni, akamuuliza, "Mzee, wewe ulikuwapo? Umeona nini?"

Kristofa alilipata kila neno. Hata kama angekuwa kiziwi mara mbili angelipata. Lakini mkono wake uliinuka wenyewe, kidole kikagusa sikio, kichwa kikatikisika.

"Huyo hasikii, afande," kijana mmoja wa bodaboda akadakia. "Mwache."

Trafiki akamwacha.

Mchana ule alirudi Pongwe akamkuta Lea kibarazani, cherehani mbele yake, sare za shule zimerundikana. Alivuta kigoda akakaa, akamweleza yote tangu kifusi hadi kidole sikioni. Lea aliacha kukanyaga cherehani. Alisogeza kiti mpaka kwenye sikio la baba yake.

"Umesema umeulizwa, ukagusa sikio?"

"Ndiyo."

"Basi imetosha. Usiongeze neno."

Kristofa alimtazama. "Si wewe uliyekuwa ukinipigia kelele nishike kushoto?"

"Nilikuwa nikipiga kelele usife, baba. Hujafa. Sasa nisikilize. Wakikuweka ndani kwa umri huo, na masikio hayo, hutoki mzima. Yule kijana kwao wana uwezo, watamtafutia wakili. Sisi tuna nani?"

"Na yule mama?"

Lea alichukua sare moja, akaikunja, akaikunjua. "Mungu atamponya," akasema, naye hakumtazama baba yake usoni alipolisema.

Jumatano Kristofa alipita njia ileile, upande uleule, kwa mazoea ya miguu. Kifusi kilikuwa bado pale, na mtu alikuwa amemwaga mchanga juu ya mahali palipolowa. Hakukutana na mtandio wa kijani. Alifika usawa wa machimbo, akajikuta ameinua mkono hewani, akaushusha haraka. Kwa Mama Batool aliacha maziwa kizingitini bila kubisha, kama alivyofanya jana yake.

Alhamisi alimkuta amesimama mlangoni anamsubiri. Alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, mpole, aliyezoea kuchukua maziwa kwa mkono wake na kumuuliza habari za Lea. Siku hiyo macho yake yalikuwa yamevimba. Hakupokea maziwa. Alimshika Kristofa mkono, akamvuta hadi kwenye kivuli cha baraza, akasema karibu na sikio lake la kushoto, polepole, kama mtu aliyelipanga kila neno.

"Mzee Kristofa, mtoto wangu yuko mahabusu. Dhamana wamesema wanangoja kwanza hali ya mgonjwa. Alnoor anasema kulikuwa na baiskeli inakuja mbele, upande usio wake, ndiyo iliyomsukumia yule mama katikati ya barabara. Hakuna anayemwamini. Wewe unapita njia ile kila siku. Hukuona mtu?"

"Sikusikia kitu, mama."

Mama Batool aliuachia mkono wake. Alirudi nyuma hatua moja, akamtazama usoni, ili ayaone maneno.

"Sikukuuliza kama ulisikia."

Kristofa aliangalia chini.

"Anasema ilikuwa na madumu," Mama Batool akaendelea. "Wauza maziwa ni wengi, nami simtaji mtu. Nimekuuliza tu."

Akachukua maziwa, akaingia ndani, akaufunga mlango taratibu. Kristofa alibaki barazani. Kama mama yule angemtukana, akamwita mwongo mbele ya majirani, labda Kristofa angeondoka na hasira yake na mambo yangeishia hapo. Lakini alimuuliza kwa heshima, akampa nafasi ya kujibu, na yeye akajificha nyuma ya masikio yake kwa mara ya pili. Masikio yale yalikuwa ndiyo msiba wa maisha yake. Kumbe siku hizi ameyageuza mlango wa kutokea.

Ijumaa hakupeleka maziwa. Alivaa shati jeupe la kwendea kanisani, akatoka bila kumwambia Lea, na mpaka leo hasemi kwa nini siku hiyo hakupanda baiskeli. Alipanda gari. Alipofika kituo cha polisi alielekezwa kwa koplo mmoja wa kike, Nasma, aliyekuwa ameketi kwenye meza nyembamba ukumbini, watu wamekaa kwenye mabenchi kila upande wakingoja mambo yao.

"Shikamoo, mzee. Una shida gani?"

"Marahaba. Mimi nimekuja kwa ajili ya ajali ya Jumanne. Ya kalavati."

Alidhani amesema kwa siri. Mtu asiyejisikia hajui kipimo cha sauti yake, na vichwa vyote vya mabenchini viligeuka. Koplo Nasma alimwashiria ashushe sauti. Kristofa akadhani anaambiwa asogee. Akasogea, akaendelea vilevile.

"Ile baiskeli aliyoisema kijana ni yangu!"

Koplo alishika kalamu. Akaanza kumhoji, naye, ili asikike, hakuwa na budi kupaza sauti. Basi maelezo ya Mzee Kristofa yakachukuliwa kwa kelele, swali kwa jibu, ukumbi mzima ukisikiliza kama watu walioitwa kwenye mkutano.

"Ulikuwa upande gani?"

"Kulia! Nikija mjini napita kulia."

"Kwa nini?"

"Sisikii yanayotoka nyuma."

"Ulimwona huyo mama?"

"Nilimwona."

"Na gari uliliona?"

"Nililiona. Halikuwa na mbio. Lilipiga breki kabla."

"Sasa kama uliona vyote, mbona hukusimama?"

Hapo Kristofa alinyamaza. Koplo akadhani hakusikia, akarudia kwa sauti kubwa zaidi: "Mbona hukusimama, mzee?"

"Nilijua atanipisha," Kristofa akasema. "Siku zote alikuwa akinipisha."

Koplo Nasma aliandika, akamsomea, akampa wino apige dole gumba. Alipogeuka aone pa kukaa, aliona mwanaume mmoja mrefu, mwenye kanzu na ndevu fupi, amesimama mbele yake na fomu ya PF3, ile ya polisi ya matibabu ya majeruhi, mkononi. Mwanaume yule alisema neno. Kristofa aligusa sikio, safari hii kwa kweli. Mwanaume akarudia, akifungua mdomo vizuri.

"Mimi naitwa Shekhe. Mwanasiti ni dada yangu, tumbo moja."

Kristofa alingoja kofi. Shekhe alimtazama muda mrefu, taya zikimcheza.

"Kesho uje hospitali," akasema. "Haya uliyomwambia askari, ukamwambie na yeye."

Polisi hawakumweka ndani. Walimwandikisha, wakampa tarehe ya kuripoti, wakamwacha aende. Jioni ile, jua halijazama, Alnoor akatolewa kwa dhamana.

Lea alipopata habari, na alizipata kabla baba yake hajafika nyumbani, hakumgombeza. Alimwekea chakula, akaketi mbele yake, akalia bila kujificha. Asubuhi yake alifunga cherehani, wakaenda hospitali pamoja.

Mwanasiti alikuwa kitandani karibu na dirisha, mguu umeinuliwa na kufungwa uzito wa kuuvuta. Uso wake ulikuwa umepungua. Kristofa hakuwahi kumwona bila baiskeli, na alishangaa jinsi alivyokuwa mdogo wa umbo. Shekhe alisimama upande mmoja, Lea upande wa pili. Mzee alivua kofia, akasema yote tena. Lea alikuwa akimgusa mkono kila sauti ilipopanda, kwa ajili ya wagonjwa wengine.

Alipomaliza, Mwanasiti alifumba macho. Akayafumbua. Alisema jambo, na Kristofa akaona midomo yake lakini haikumkaa sawa. Akamgeukia Lea.

"Anauliza," Lea akamwambia sikioni, "kila siku mlipokutana wewe ulikuwa ukimjibu nini?"

"Marahaba," Kristofa akasema. "Alikuwa akiniamkia. Nami naitika."

Mwanasiti alianza kucheka. Kicheko kilimuumiza mguu, akauma midomo, machozi yakamtoka. Sasa alizungumza akimwangalia Kristofa mwenyewe, polepole, naye akamsoma neno kwa neno.

"Mzee wangu, mimi sikuwa nikikuamkia. Siku za mwanzo nilikuamkia, ndiyo. Baadaye nilikuwa nakwambia: pita upande wako! Miaka sita, nakwambia pita upande wako, utakuja kuniua. Nawe unaniitikia marahaba."

Lea akamsogezea baba yake kigoda.

"Nikajua unanidharau," Mwanasiti akasema. "Nikasema, mzee huyu ana kiburi. Sikujua husikii. Hakuna aliyeniambia."

Muuguzi alipita, akatazama uzito wa mguu, akaenda. Mwanasiti alikuwa anamtazama Kristofa kama mtu anayetafuta jambo la kumuuliza, na alipolipata alilisema bila ukali wowote, na kwa kuwa halikuwa na ukali ndiyo maana likamchoma.

"Na kioo je? Bodaboda wote wana vioo. Hukuweza kufunga kioo, ukaona ya nyuma?"

Kioo. Kwa miaka kumi na mitatu Kristofa alipita kila siku mbele ya mafundi wa baiskeli na pikipiki, vioo vimetundikwa vibandani mwao kama matunda. Aliwahi hata kujitazama kimojawapo akanyoosha kola. Haikumjia. Alikuwa amekwisha kuamua kwamba dawa ni moja, ya kwake, na akaishika hadi paja la mtu likavunjika.

"Sikufikiri," akasema.

"Nenda nyumbani, mzee," Mwanasiti akamwambia. "Nimechoka."

Kabla hawajatoka Lea alimwambia kwamba watakuwa wakimletea maziwa kila siku, ya kwake na ya watoto wake nyumbani. Mwanasiti aliugeuza uso dirishani. "Msilete," akasema. "Nikiyaona nitakumbuka yalivyokuwa hayakumwagika." Shekhe ndiye aliyekuwa amemsimulia hilo, naye alilisikia mwenyewe kituoni, katika yale yaliyosemwa kwa kelele.

Mambo yalikwenda polepole. Alnoor hakufikishwa mahakamani. Gari lilikaguliwa, maelezo yakalinganishwa na alama za breki, jalada lake likafungwa. Mzee Kristofa ndiye aliyesimama kizimbani, Lea pembeni akimrudia maneno ya hakimu. Alikiri kosa. Hakimu, baada ya kumtazama na kuuliza umri wake, alimpa onyo na sharti la kutorudia kosa kwa mwaka mzima. Wengi waliona ametendewa huruma. Yeye alitoka pale akiwa na uso wa mtu aliyetarajia kitu akakikosa.

Kwa Mama Batool alikwenda peke yake kuomba radhi. Mama huyo alimsikiliza hadi mwisho, mlango nusu wazi.

"Siku nne, mzee," akasema. "Mwanangu kalala sakafuni siku nne, nawe siku ya tatu uko hapa barazani kwangu." Halafu akaongeza, "Ulikwenda mwenyewe, hukuvutwa. Hilo nalo nalijua." Hakusema amesamehe. Hakusema pia aache kuleta maziwa. Tangu siku hiyo sufuria huwekwa nje, imefunikwa, naye Kristofa huijaza na kuifunika. Mama Batool hatoki.

Mwanasiti alikaa hospitali wiki saba, na nyumbani miezi. Mguu uliunga, lakini ulifupika. Shule ilikuwa imemweka mpishi mwingine. Baada ya Shekhe kwenda kuomba mara mbili, walimpa kazi ya kukaa, kuchambua mchele na kumenya viazi. Baiskeli hawezi tena. Hupelekwa na bodaboda, magongo ameyalaza mapajani. Akimpita Mzee Kristofa njiani humtazama, na siku nyingine humpungia, siku nyingine hapungi. Kristofa huinua mkono siku zote, na hasemi neno.

Kwa maana sasa yeye yuko upande wa kushoto. Alifunga kioo, tena viwili, kulia na kushoto ya usukani. Watu wa Pongwe walimcheka, wakasema mzee kanunua pikipiki isiyo na injini. Vioo vinasaidia, lakini barabara ina mashimo, na vinatikisika. Gari la nyuma huonekana mle kama madoa mawili yanayorukaruka, na hujui kama liko mbali au limekwisha kufika. Akiliona lolote kubwa hushuka, akasimama kwenye majani na maziwa yake mpaka lipite, ndipo ajikongoje kupanda tena. Kwa hiyo huchelewa. Wateja watatu wamehamia kwa vijana wenye pikipiki, na wengine hulalamika kwamba maziwa yakifika yamekwisha kupata joto. Huwaomba radhi, hawaelezi sababu.

Lea alimwambia aiache kazi hiyo, apumzike. Alimjibu kwamba ataiacha, bado kidogo. Lea ndiye anayefua nguo zake, naye anajua. Asubuhi zile za baridi za mwezi wa saba, pepo za kusi zinapovuma na watu wote wamejifunika, shati la baba yake hurudi limekauka kifuani, na mgongoni, kule yanakotokea magari asiyoyasikia, limelowa jasho chapachapa.